Mlango wa Pili

Siku ya arobaini na moja ya mvua, Onchiri alipanda kilima cha Getare kama alivyokipanda kila siku kwa mwezi uliotangulia: mguu wa kulia mbele, wa kushoto ukiburutwa nyuma, kwa sababu goti la kushoto lilikuwa limekataa kazi tangu Pasaka. Matope yalimshika vifundo. Kila hatua ilibidi aing'oe kama mtu anayeng'oa muhogo.

Juu, katikati ya malisho, palikuwa na ufa. Mwanzoni mwa Aprili ulikuwa kama mkwaruzo wa ukucha kwenye nyasi. Sasa mbuzi angeweza kuvunjika mguu humo. Kigingi kimoja kilikuwa kimepigwa upande wa juu, kingine upande wa chini, na kati yao kamba ya katani iliyofungwa kwa kulegea kidogo. Onchiri alipima kwa ufito wenye alama, akahesabu, akasimama kupumzisha goti, kisha akapima tena. Ufa ulikuwa umepanuka kwa kidole kimoja tangu jana.

Agizo lilikuwa rahisi. Kidole kimoja, nenda nyumbani. Vidole vinne kwa siku, au kamba ikikatika, usimuulize mtu: watoe watu katika nyumba tatu zilizo chini ya ufa.

Alishuka, akapita nyumba hizo moja baada ya nyingine, kwa maana njia ilikuwa moja tu. Ya kwanza ilikuwa ya Nyasani na mkewe Persis, ya nyasi, yenye moshi siku zote. Ya pili ilikuwa ya mwanawe mwenyewe, Abner, aliyefanya kazi katika mashamba ya chai kule Kericho na kurudi mwisho wa mwezi. Hiyo ndiyo iliyokuwa nyumba pekee ya bati upande ule wa kilima, na watu wa Ekerenyo waliwahi kuja kuitazama tu, kisha wakarudi kwao. Ya tatu, karibu na kijito, ilikuwa ya Nyangate, mjane wa binamu yake, bibi ambaye umri ulikuwa umempa ruhusa ya kumwambia yeyote lolote.

"Omogaka," Nyangate alimwita kutoka mlangoni, kama wazee wanavyoitwa kwa heshima, "mlima umesema nini leo?"

"Umesema kidole kimoja."

"Umelowa hivyo kwa ajili ya kidole kimoja? Wenzako wakilowa hivyo huja na samaki."

"Kesho panda wewe."

"Nikipanda mimi utanishusha kwa machela, na goti lako hilo tutaanguka wote wawili, watu waseme tulikuwa na mambo." Alimpa kibuyu cha uji wa wimbi. "Kunywa. Na siku mlima ukisema vidole vinne, uje na kijana mwenye nguvu. Mimi sitoki bila ng'ombe wangu, na ng'ombe wangu hapendi wanaume wazee."

Onchiri alikunywa bila kucheka. Si kwamba hakupenda maneno yake. Uchovu ulikuwa umemfikia hata mashavuni.

Wazo la vigingi lilikuwa la Bwana Shamba. Aliitwa Okeyo, kijana wa Nyakach aliyesomea udongo, naye alikuja wiki ya pili ya mvua akautazama ufa kwa muda mrefu. Kisha akaomba mkutano. Walikutana katika banda la kukaushia pareto, wanaume wamekaa kwenye mabenchi, wanawake kwenye mikeka, na Ondieki, chifu msaidizi, akasimama kutafsiri Kiswahili cha mgeni kwa Kigusii.

Okeyo aliwaambia wahame mpaka mvua iishe. Wakamuuliza wahamie wapi, na pareto itachumwa na nani. Ndipo aliposema kwamba kama hawahami, basi angalau wajulishwe kabla, na akaeleza habari ya vigingi na kamba.

"Hatari ikitokea hapa mnaitanaje?" aliuliza.

Aliyejibu alikuwa Ombui, kaka mkubwa wa Onchiri. Ombui alikuwa mzee wa kanisa siku ya Sabato na mzee wa mila siku sita zilizobaki. "Tunapiga nduru."

"Na watu wakisikia nduru?"

"Wanakuja."

"Wote?"

"Asiyekuja tunamkumbuka," alisema Ombui, na banda zima likacheka.

Okeyo hakucheka. "Basi nduru hapana. Kilima kikiporomoka sitaki mtu aje. Nataka waondoke." Kwa hiyo akaamua kwamba onyo litapelekwa kwa miguu, mlango kwa mlango, na kwa kila safu ya nyumba mtu mmoja atawajibika. "Na usiondoke mlangoni mpaka umemwona mtu kwa macho yako na amekujibu kwa mdomo wake. Kama amelala, ingia umwamshe."

Ondieki alipofikia neno hilo, ingia, aliwatupia wazee jicho, kisha akalitafsiri.

Okeyo akasoma orodha aliyoiandika akifuata njia ya miguu. Safu ya kwanza, iliyo hatarini kuliko zote, apewe mzee Onchiri, kwa kuwa ndiye atakayelinda vigingi pia: nyumba ya Nyasani, nyumba ya Abner, nyumba ya Nyangate.

Banda likatulia kidogo. Mtu alikohoa. Persis alianza kuchezea uzi wa mkeka. Ombui alitazama paa.

Kwa Wagusii baba haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa. Anaweza kusimama uani, akasalimia, akaletewa kiti nje na chakula kikamfuata. Lakini mlango huo si wake. Ndani mna kitanda cha mwanawe, mna mke wa mwanawe, na kati yake na mke huyo ipo chinsoni, ile haya yenye heshima inayowafanya watu wa ukoo mmoja waweze kuishi bega kwa bega bila kukanyagana. Hakuna asiyejua hilo isipokuwa mgeni. Na kulitaja mbele ya mkutano, huku mke mwenyewe, Drusilla, amekaa pale akinyonyesha, kungekuwa sawa na kuchungulia ndani ya nyumba yake kwa maneno.

Kwa hiyo Onchiri alinyamaza, akiamini Ondieki atamwambia Bwana Shamba pembeni. Ondieki alinyamaza, akiamini Onchiri mwenyewe atamwendea. Drusilla aliinamisha kichwa, akiamini wanaume watapanga baadaye jinsi wanaume wanavyopanga. Ombui aliamini mvua itaisha. Okeyo alikunja karatasi yake, akamshukuru kila mtu kwa ushirikiano, akapanda pikipiki yake, akateleza mara mbili kabla ya kufika barabarani.

Onchiri hakuwa mjinga. Alikuwa na mpango wake. Mkewe alipokuwa hai ndiye aliyepeleka na kuleta maneno kati ya nyumba hizo mbili. Alipofariki, kazi hiyo ilimwangukia Bitutu, binti wa Drusilla, aliyekuwa na miezi saba na hajajua kusema hata neno moja. Onchiri alizoea kusimama ukingoni mwa ua, pale miwa inapoishia, akaita: "Bitutu, mwambie mama yako kuni ziko tayari." Na kutoka ndani sauti ya Drusilla ilijibu: "Bitutu, mwambie babu ahsante, viazi vinaiva." Mtoto alicheua maziwa, na habari zilifika. Siku ya hatari, alijiambia, ataita hivyo hivyo, kwa nguvu zaidi.

Alichosahau ni kwamba hakuwahi kumwita Bitutu wakati wa mvua kubwa. Nani huenda kutembea wakati wa mvua kubwa?

Siku hiyo ya arobaini na moja mvua ilirudi saa nane mchana. Haikuanza kwa matone, ilimwagika. Saa tisa Onchiri alijifunika gunia kichwani akapanda tena. Alikuwa amechoka kiasi kwamba alipofika juu aliketi kwanza juu ya jiwe, mgongo umeelekea ufa, akivuta pumzi. Kisha akageuka.

Kamba ilikuwa imekatika. Kigingi cha chini kilikuwa kimelala. Maji mekundu yaliingia katika ufa kama yanayoingia kwenye shimo la fuko, na hayakuonekana kutoka popote.

Hakupima. Alishuka akishikilia nyasi, mara kwa miguu, mara kwa makalio.

Kwa Nyasani mambo yalikwenda kama Okeyo alivyotaka. Nyasani mwenyewe alikuwa sokoni. Onchiri alipiga kofi mlango, akainama chini ya nyasi za paa, akamwona Persis kwa macho. "Kamba imekatika."

"Sasa?"

"Sasa hivi."

Persis hakuuliza la pili. Alimfunga mdogo mgongoni, akawashika wawili mikono, mkubwa akabeba kuku, wakatoka wakikimbia kuelekea ukingo wa pili wa bonde, kule kwenye kanisa. Onchiri aliwatazama wakipotea katika mvua. Angeweza kumwambia: Persis, pita kwa Drusilla, ingia. Maneno matano. Lakini kuyasema kungemlazimu aeleze kwa nini haingii mwenyewe, na jambo hilo lilikuwa halijawahi kutoka kinywani mwake. Aliyameza, na Persis akaenda zake.

Alifika uani kwa Abner. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ajili ya upepo, dirisha la mbao pia. Mvua ilipiga bati kwa kishindo kikubwa hata hakuweza kusikia kikohozi chake mwenyewe. Alisimama pale miwa inapoishia.

"Bitutu! Bitutu, mwambie mama yako atoke!"

Bati lilijibu.

"Bitutu!"

Alisogea hatua mbili ndani ya ua. Alipuliza filimbi aliyopewa na Ondieki. Ilitoa sauti nyembamba kama ya kifaranga. Aliita tena, mpaka koo likauma. Alitazama nyuma, labda atapita mwanamke, mtoto, mtu yeyote mwenye ruhusa ya mlango ule. Hakuna mwenye akili aliyekuwa nje. Akafikiri amwendee Nyangate kwanza, amlete Nyangate aingie. Lakini Nyangate na miguu yake, kupanda mpaka hapa, itachukua muda gani? Alianza kwenda, akarudi. Akaokota changarawe njiani, akazirusha juu ya bati, konzi kwa konzi. Akangoja. Akarusha nyingine.

Baadaye Drusilla aliwaeleza wanawake alichosikia. Alisikia vitu vigumu vikigonga paa akadhani mvua ya mawe imeanza, ile inayochana majani ya chai na kutoboa migomba. Akafanya ambavyo mama yeyote hufanya: akakomea dirisha, akamsogeza mtoto katikati ya nyumba, karibu na moto, akaketi kumwogesha.

Onchiri alisimama. Chini ya nyayo zake ardhi ilitetemeka kidogo, kama ngozi ya ng'ombe anapomfukuza nzi.

Ndipo alipovuka.

Mlango haukuwa umekomewa. Aliusukuma akajikuta ndani, katika joto na harufu ya sabuni, akiwa amesimama mahali ambapo hakuwahi kusimama tangu siku nyumba ile ilipoezekwa. Aliona kitanda cha Abner, kimetandikwa blanketi jekundu. Alimwona Drusilla amekaa kwenye kigoda, nguo imeshushwa mpaka kiunoni, mtoto mapajani, povu mikononi. Onchiri alitupa macho chini haraka hata shingo ikalia.

"Bitutu," alisema, kwa mazoea, akiitazama sakafu, "toka na mama yako."

Drusilla hakutoka. Haya ilimkamata na yeye. Alijikunja, akageukia ukuta, mgongo wake umeelekea mlango, mikono imemficha mtoto na kifua pamoja, na akabaki hivyo, kama mtu anayengoja jambo baya lipite.

"Kamba imekatika," Onchiri aliiambia sakafu.

Huenda Drusilla hakusikia. Mvua ilikuwa bado juu yao. Onchiri hakuwa na maneno mengine ya kumwambia mke wa mwanawe. Maisha yao yote walikuwa wamehakikisha kwamba hayapo. Basi akafanya jambo moja alilobakiwa nalo. Akapiga hatua tatu, akaingiza mikono yake ya baridi chini ya makwapa ya mtoto, akamnyakua, mtoto akiwa uchi na anateleza kwa sabuni, akatoka naye mbio.

Drusilla alipiga nduru.

Ilikuwa nduru kamili, ya kifua chote, ile inayokwenda juu na kukaa huko. Alitoka akikimbia nyuma ya baba mkwe wake, nguo ameishikilia kwa mkono mmoja, akipiga nduru, maana alichojua wakati huo ni kwamba mzee ameingiwa na wazimu na amemwibia mtoto. Onchiri hakugeuka. Alikimbia kwa goti ambalo lilikuwa halikimbii tangu Pasaka, akakata ua upande, akavuka pareto, akapanda ukingo wa pili. Akiwa katikati ya pareto alisikia nyuma yake mlio mzito usio wa mvua. Alipofika juu akaketi matopeni na mtoto kifuani. Drusilla alimfikia, akamnyang'anya mtoto wake, na wakati huo tu akageuka kutazama alikotoka.

Nyumba ya bati haikuwapo. Udongo mwekundu ulikuwa umepita pale ilipokuwa, mpana kama barabara ya Kericho, na bado ulikuwa unatambaa.

Hawakutazamana. Onchiri alivua koti lake, akaliweka chini kati yao, akasogea mbali. Drusilla aliliokota, akamfunika mtoto na kujifunika.

Na Nyangate? Nyumba ya Nyangate haikuguswa. Udongo ulisimama hatua chache kabla ya mlango wake, ukatulia hapo. Kama angebaki kwake akikoroga uji, angekuwa hai mpaka leo, akiwatukana watu. Lakini Nyangate alisikia nduru kutoka nyumba ya Abner, na katika maisha yake yote hakuwahi kusikia nduru akabaki ameketi. Hakuna aliyekuwa amefika kumwambia kwamba leo asije. Walimkuta asubuhi ya pili chini ya udongo, katika njia ya kupanda, na panga mkononi. Alikuwa amekwenda kusaidia. Ng'ombe wake alikuwa kando ya kijito, amefungwa, anacheua.

Watu wa Getare walihamia kanisani, wakalala kwenye mabenchi yaliyounganishwa. Onchiri hakuingia, kwa kuwa Drusilla alikuwa ndani na palikuwa na ukumbi mmoja tu. Alikaa nje chini ya ukingo wa paa, amejikunja, na watu waliompelekea chai hawakujua wamwambie nini. Amewaokoa wawili, ameingia nyumba ya mwanawe. Mambo hayo mawili hayakukaa vizuri katika sentensi moja.

Ombui alikuja akasimama mbele yake. "Itabidi mbuzi wa utakaso achinjwe."

"Najua."

"Mchungaji anasema si lazima, tuombe tu."

"Wewe unasemaje?"

"Mimi nasema tuombe, halafu tuchinje mbuzi."

"Sawa," alisema Onchiri. "Nyangate atazikwa kwanza?"

Ombui aliketi karibu naye, na hakuendelea na habari ya mbuzi.

Abner alifika siku ya tatu, kwa basi na kwa miguu, viatu vyake vya kazini vimejaa udongo wa njia nzima. Kulikuwa na jambo moja ambalo Onchiri alilifikiria sana baadaye. Onyo lilihitaji karatasi, vigingi, filimbi na mzee mwenye goti bovu, na bado halikufika mlango wa tatu. Lakini habari ya mzee kuingia nyumba ya mwanawe ilifika Kericho kesho yake asubuhi, na hakuna aliyekuwa ametumwa kuipeleka. Abner aliisikia akiwa kwenye mizani ya majani mabichi, kabla hajasikia kwamba hana nyumba.

Alimwona mkewe, akambeba mtoto, akatembea mpaka mahali nyumba ilipokuwa. Kisha akaja kwa baba yake, nje ya kanisa.

"Tata."

"Mwanangu."

"Wameniambia uliingia."

"Niliingia."

Abner alikuwa kijana mrefu, na alisimama kwa muda mrefu. "Namshukuru Mungu kwamba uliingia," alisema mwishowe. "Hilo sikuja kukuuliza. Nyasani aliniambia Persis alifika kanisani mapema, watoto wakakauka nguo, ndipo mlima ukaanguka. Na nyumba yao ilikuwa juu ya yangu." Alimtazama baba yake. "Ulisimama nje muda gani?"

Onchiri alikuwa amelingoja swali hilo kwa siku tatu. Angeweza kusema: kidogo. Hakuna aliyemwona.

"Muda wa kupika uji," alisema.

"Uji wa mtu mwenye haraka, ama uji wa mtu aliyekaa?"

"Wa mtu aliyekaa."

Abner aliitikia kwa kichwa. Alikwenda mpaka kwenye kona ya kanisa, akaegemea ukuta kwa paji la uso, na Onchiri hakumfuata. Aliporudi alimwambia kwamba siku ya Jumapili watakwenda pamoja kutafuta fito za nyumba mpya, upande wa pili wa bonde. Hakusema amemsamehe wala hakusema kuna kosa. Kisha akaenda kusaidia kuchimba kaburi la Nyangate, kwa sababu ardhi ilikuwa imelowa na kuta za kaburi zilikuwa zinaanguka kila mara.

Wiki moja baadaye Okeyo alirudi. Walikutana tena katika banda la pareto. Safari hii alikuja kwa gari la ofisi, na uso wake ulikuwa wa mtu asiyelala.

"Ofisini wamesema kazi imekwenda vizuri," alianza, na Ondieki akatafsiri. "Nyumba tatu, watu saba wametoka, mmoja amefariki. Wamesema kwingine ni vibaya zaidi." Alifungua karatasi yake. "Lakini mimi sijaelewa. Mzee Onchiri, kamba ulikuta imekatika saa tisa. Nyumba ya kwanza ilitoka mara moja. Baada ya hapo kuna muda umepotea, na sijui umekwenda wapi. Nikijua, safu nyingine zitapona. Mvua bado ipo, na nyufa nimeziona mbili zaidi."

Ondieki alitafsiri yote, polepole. Banda likatulia kama lilivyotulia mara ya kwanza. Mtu alikohoa. Ombui alitazama paa.

Onchiri alingoja aone kama kuna mwingine atakayesema. Alikuwa amechoka, na uchovu ule ulikuwa umemaliza hata haya. Akasimama.

"Muda huo nilikuwa nao mimi," alisema kwa Kiswahili chake kibovu, ili maneno yasipite kwa Ondieki. "Nilisimama nje ya nyumba ya kijana wangu. Sisi baba haingii kwa kijana aliyeoa. Niliita, nikapuliza, nikarusha mawe. Nilifanya mambo yote isipokuwa kuingia. Na siku ile wewe uliposoma jina langu na jina la nyumba ile, mimi nilijua. Huyu Ondieki alijua. Hawa wote walijua. Hakuna aliyekuambia."

Okeyo aliweka kalamu chini. "Kwa nini hamkuniambia?"

"Si jambo la kusemwa," alijibu Ondieki, akitazama viatu vyake.

"Mama Nyangate amekufa."

"Ndiyo."

Okeyo akasema, kwa sauti ya chini, "Kwetu mimi sili mbele ya mama mkwe wangu. Nikimwona njiani, naacha njia. Ningeambiwa nimtoe kitandani..." Hakumaliza. "Nilipaswa kujua kuuliza. Nilifuata njia ya miguu, nikasahau watu."

Aliichukua orodha akaigeuza upande usioandikwa. "Safu ya Onchiri imekwisha. Zimebaki safu kumi na mbili. Nauliza sasa. Kuna mtu mwingine nimempa mlango ambao hawezi kuuingia?"

Hakuna aliyesogea. Upande wa wanawake Drusilla alikuwa ameketi kwenye mkeka, na alikuwa hatazami chini. Alikuwa akiwatazama wanaume mmoja mmoja, waziwazi, kwa namna ambayo mke wa watu hatazami wakwe. Macho yake yalimfikia Ombui yakabaki hapo.

Ombui aliacha kutazama paa. Akanyanyua mkono, si juu sana, kama mtu anayezuia jua.

"Nyumba ya mwanangu wa tatu," alisema.

Kisha mzee mwingine nyuma yake. Kisha Persis, aliyepewa nyumba ya mkwewe, mume wa binti yake. Kisha mikono mitatu kwa pamoja kwenye benchi la pembeni, na mmoja mlangoni, wa mtu aliyekuwa amesimama ili aondoke mapema. Ondieki alifungua kinywa atafsiri, akaona hakuna maneno ya kutafsiri, akanyanyua na wake.